Wimbo wa Santuri na Wimbo wa Kinywa

Baada ya Missa ya sikukuu, wakristu wanapotoka kanisani na kusimama kidogo uwanjani ili wasalimiane, mara nyingi utasikia neno hili: "Wameimba vizuri, lakini si kama kwenye santuri." Leo wengi hawasemi tena santuri; wanataja simu yao, au ile flashi ndogo inayochomekwa kwenye redio. Lakini neno ni lile lile, na maana yake ni ile ile: wimbo wa kweli umo ndani ya mashini, na hawa waimbaji wetu, pamoja na jasho lao lote, wamejaribu tu kuufuata kwa mbali, kama mtoto anayefuata nyayo za baba yake mchangani.

Wasomaji wapenzi, neno hili linaonekana dogo. Anayelitamka hana nia mbaya. Hata hivyo limekwisha kuwafunga watu wengi vinywa. Kuna mama aliyeimba tangu ujana wake, na sasa anaona haya kuitikia. Kuna vijana wa korali wanaochezesha midomo tu, huku mashini ikiimba mahali pao. Na katika vilio vingi vya mijini hatusikii tena waimbaji: vipaza sauti viwili vimewekwa chini ya mwembe, nyimbo zinatoka usiku kucha, na watu waliokuja kumlilia marehemu wamekaa kimya kama abiria wanaongojea treni.

Basi inafaa tuulize kwa makini. Je, wimbo unaoimbwa mbele yetu na watu walio hai unaweza kulingana na ule uliotengenezwa katika studio? Na kabla ya kujibu, tuulize jambo jingine ambalo watu hulisahau: ni nani aliyeamua kwamba wimbo wa studio ndio kipimo, na ule mwingine ndio unaopimwa?

Tuanze na jambo la nchi yetu wenyewe, ambalo wazee wa Katanga wanalikumbuka vema.

Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alipewa kuongoza shule kubwa ya Kamina. Mara akaanza kukusanya waimbaji na wapiga ngoma: watoto wapata 45, wenye miaka 9 hadi 14, pamoja na waalimu 15 hivi. Wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji wa siku zile. Katika Kwaresima ya mwaka 1958, tarehe 23 Machi, Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, pale pale Kamina. Maneno yalikuwa ya Kilatini, yale yale yaliyoimbwa Roma: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei. Lakini sauti zilikuwa za huku kwetu. Kyrie imekaa juu ya kasala, ule wimbo wa Waluba wa kutaja majina ya watu na ya ukoo wao, unaosikika hasa katika kilio. Sanctus imekaa juu ya wimbo wa kuagana. Na ngoma zikapigwa, wakati ambapo katika makanisa mengi ngoma ilikuwa bado inaachwa nje ya mlango.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Missa ile haikuwa imeandikwa. Hakuna aliyeshika karatasi ya noti. Walikuwa wamepatana juu ya njia: nani aanze, nani aitikie, ngoma ipi iingie wapi. Mengine yalizaliwa pale pale, kinywani na mkononi. Mwimbaji wa mbele, mwalimu Joachim Ngoi, aliweza kuivuta sauti leo hivi na kesho vingine, na watoto wakamfuata, kwa maana walimjua naye aliwajua. Mwaka ule ule kikundi kikasafiri Ulaya, kikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, tena katika maonyesho makubwa ya dunia kule Brussels. Na kampuni ya Philips ikaitia Missa ile kwenye santuri.

Tangu hapo Missa Luba ikawa kitu kingine. Nasema kingine, sisemi kibaya. Santuri ile ilifika mahali ambapo watoto wa Kamina wasingefika kamwe. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitoa filamu yake iitwayo If...., na ndani yake akaitia Sanctus ya Kamina. Vijana wa London waliokuwa hawajui Katanga iko upande gani wa dunia wakaikimbilia madukani. Baadaye Missa ikaandikwa kwa noti, ikaimbwa na korali nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1990 ndugu zetu wa Kenya, Muungano National Choir, wakiongozwa na Boniface Mganga, nao wakaitolea santuri yao.

Tazama basi yaliyotokea. Mwimbaji wa nchi ya mbali anafungua karatasi yake. Pale ambapo mwalimu wa Kamina alivuta pumzi, kwa sababu siku ile pumzi ilimwishia, au kwa sababu moyo ulimtuma, yeye anakuta alama, naye lazima aifuate. Akienda kando kidogo, kiongozi wake anamwambia, "Umekosea." Lakini kama mwalimu Ngoi angaliimba vingine kesho yake, nani angalimwambia amekosea?

Hapo ndipo tunapoanza kuona jibu. Santuri haina wimbo mzima ndani yake. Ina siku moja ya wimbo. Siku hiyo ilikuwa nzuri, na tunashukuru kwamba ilihifadhiwa. Lakini tukiigeuza siku moja kuwa sheria ya siku zote, tumeudhulumu wimbo wenyewe, na tumewadhulumu walioutunga, ambao hawakukusudia hivyo hata kidogo.

Tena tufikiri kidogo juu ya namna santuri inavyotengenezwa, kwa maana wengi wetu tunaisifu bila kujua tunachokisifu. Thomas Edison, Mmarekani, alitengeneza mashini ya kwanza ya kushika sauti na kuirudisha mwaka 1877. Kwa miaka mingi baada yake, mwimbaji alisimama mbele ya pembe ya bati, na tangu 1925 mbele ya kinasa sauti cha umeme, akaimba wimbo wake tangu mwanzo hata mwisho. Akikohoa, kikohozi kilibaki. Akikosea kabisa, walitupa sahani na kuanza upya. Kwa hiyo santuri ya zamani ilikuwa kama shahidi mwaminifu: ilisema yaliyotukia, basi.

Baada ya vita vya pili vya dunia ukaja utepe wa sauti. Utepe unaweza kukatwa kwa wembe na kuungwa tena. Fundi anachukua mwanzo wa wimbo ulioimbwa asubuhi, anauunga na mwisho ulioimbwa jioni. Sauti moja iliyopanda vibaya inatolewa, na nyingine ya jana inawekwa mahali pake. Leo kompyuta imepita utepe mbali sana. Tangu mwaka 1997 kuna programu iitwayo Auto-Tune, ambayo inaichukua sauti iliyopotea njia na kuirudisha kwenye mstari, na msikilizaji asijue. Mpiga ngoma anaweza kuja Jumatatu, mwimbaji Alhamisi, wala wasikutane hata siku moja, na sisi tunawasikia wakiitikiana kama ndugu.

Sifanyi lawama. Kazi hiyo ni ufundi, na mafundi wake wanastahili mshahara wao. Lakini angalieni tunapomlinganisha mwimbaji wetu na santuri ya namna hiyo. Ni kama mkulima ameleta nyumbani mahindi ya shamba lake, mengine makubwa, mengine yameliwa kidogo na wadudu, na wewe unamwonyesha kikapu cha mahindi yaliyochaguliwa moja moja katika mashamba kumi, halafu unamwambia, "Mbona yako si kama haya?" Mkulima atashindwa kujibu, si kwa sababu shamba lake ni baya, bali kwa sababu swali lako limepinda.

Hata hivyo nisimkimbie mtu mwenye nguvu wa upande wa pili. Mpiga piano mmoja mashuhuri wa Kanada, Glenn Gould, alijibu swali letu bila kusitasita. Tarehe 10 Aprili 1964, kule Los Angeles, alipiga mara ya mwisho mbele ya watu. Alikuwa na miaka 31, na watu walikuwa wanajaza nyumba ili wamsikie. Tangu siku ile mpaka alipokufa mwaka 1982 hakurudi jukwaani. Aliona kwamba mpigaji aliye mbele ya umati anakuwa kama mcheza sarakasi. Anatafuta makofi, anaongeza mbwembwe, na muziki wenyewe unasahauliwa. Katika studio, alisema, mtu anapata nafasi ya kufikiri, kurudia na kuchagua. Na kuchagua si udanganyifu, ni kazi ile ile ya mwandishi anayefuta neno na kuandika lingine.

Hoja hii ni nzito. Nani kati yetu hajaona mwimbaji aliyeharibiwa na makofi? Hata katika korali za kanisa yuko anayeshikilia sauti ya mwisho muda mrefu kupita kiasi, ili shangazi zake wageuke wamtazame. Gould aliona ugonjwa huo waziwazi, akachukua dawa kali.

Lakini tazama mwisho wa habari yake. Santuri yake ya kwanza iliyompatia sifa duniani ilikuwa kazi ya Bach iitwayo Goldberg, aliyoitia kwenye utepe mwaka 1955. Ilichukua dakika 38 hivi. Mwaka 1981, miaka 26 baadaye, akarudi studio na kuipiga tena kazi ile ile. Safari hii ilichukua dakika 51. Noti hazikubadilika, yeye alikuwa amebadilika. Kumbe hata mtu aliyeitegemea studio kuliko wote hakuweza kukaa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Santuri ya kwanza ilikuwa imekamilika kwa kadiri alivyoweza kuikamilisha, lakini ilikuwa ya kijana, na yeye hakuwa kijana tena. Neno "kamili" halitufai sana katika muziki.

Tusisahau pia kwamba mara nyingine santuri ndiyo iliyokuwa pungufu. Wazee wetu waliocheza rumba mijini wanajua. Studio za Léopoldville, kama Ngoma iliyoanza mwaka 1948, au Loningisa iliyofuata, zote za wafanyabiashara Wagiriki, zilitumia sahani zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja ulichukua dakika tatu tu au zaidi kidogo. Basi mwimbaji aliimba maneno yake haraka, gitari zikaanza kuchangamka, na mara sindano ikafika mwisho. Lakini penye dansi wimbo ule ule haukuisha. Ile sehemu ya gitari, yaani sebene, ilikwenda kadiri wachezaji walivyokwenda. Wapigaji waliitazama miguu ya watu na kujua kama wapunguze au waongeze. Aliyeijua rumba kwa santuri peke yake alikuwa ameonja kijiko kimoja cha mchuzi. Sasa mtu kama huyo angeweza kusema kwamba wapigaji walio mbele yake hawalingani na sahani?

Lakini ningekuwa mwongo nikisema santuri ni kitu cha kudharauliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1960, wakuu wetu walipokutana Brussels katika Meza ya Duara kutafuta uhuru, Joseph Kabasele na African Jazz walikuwa huko, wakapiga Indépendance Cha Cha. Watu walioisikia usiku ule hotelini walikuwa wachache. Ni santuri na redio vilivyoileta kwa watu wa Stanleyville, Bukavu na Élisabethville, na katika nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zikingojea siku yao. Hakuna orkestra ambayo ingeweza kutembea upesi namna hiyo.

Na kuna rehema ambayo santuri peke yake inaweza kuitenda. Mgonjwa aliyelala miezi sita hawezi kufika kanisani. Redio inamletea zaburi kitandani. Mtu aliye ugenini anasikia wimbo wa kwao, na moyo wake unatulia. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alipita Katanga na mashini yake, akamkuta kijana Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamtia kwenye utepe akiimba Masanga kwa gitari lake. Hapakuwa na studio wala mbinu. Alikuwa mtu na gitari, na utepe ukamchukua alivyo. Bosco alikufa mwaka 1990, lakini vidole vyake bado tunavisikia, na wapiga gitari wa nchi nyingi, hata Kenya, walijifunza kwa sahani ile, wakirudisha sindano nyuma mara mia. Bosco mwenyewe alikuwa na namna zaidi ya moja ya kuupiga wimbo huo. Waliojifunza kwa santuri walishika moja.

Tracey huyo huyo, katika safari zake za 1950 na 1952, alifika pia Uganda, katika jumba la Kabaka kule Mengo, akanasa muziki wa ikulu: filimbi, makondere, amadinda, na zile ngoma zilizolinganishwa sauti ziitwazo entenga, ambazo zinaimba kama marimba. Mwaka 1966 jumba lile lilishambuliwa na jeshi la serikali. Vyombo vikateketea, wapigaji wakatawanyika, kila mtu akajificha kwao. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kusikia entenga ya ikulu hakuwa na mahali pa kwenda ila kwenye nepe za Tracey. Hapo nani atasema kwamba santuri ni kivuli tu? Kivuli hicho ndicho kilichobaki cha mti mzima.

Na bado habari haiishi hapo. Waganda wa siku zetu walipotaka kuifufua entenga, walizisikiliza nepe. Wakasikia sauti vizuri, hawakujua mikono. Nani anaanza? Fimbo inashikwaje? Wapigaji wanne wanagawanaje zile ngoma bila kugongana? Wakamtafuta mpigaji mmoja mzee wa ikulu aliyekuwa bado hai, akaketi na vijana, akawafundisha. Nepe zilitunza sauti kwa miaka sitini. Lakini sauti haikurudi kuwa muziki mpaka mkono wa mzee ulipoongoza mikono ya vijana.

Sasa turudi kanisani, mahali tulipoanzia. Kuna jambo ambalo wakristu wengi hawalijui. Mwaka ule ule wa Missa Luba, tarehe 3 Septemba 1958, Idara ya Ibada huko Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu. Katika maagizo hayo ilikataza kabisa kutumia gramafoni, redio, mashini za utepe na nyingine za namna hiyo katika ibada, hata kama ni kwa kusaidia tu kuimba kwa watu. Vipaza sauti viliruhusiwa kwa kuikuza sauti hai ya padri. Na gramafoni iliruhusiwa kwa kuwafundisha watu nyimbo, lakini si wakati wa ibada.

Mtu akilisoma jambo hili haraka, atacheka. Atasema: basi santuri ya Kamina, iliyojaa Kyrie na Sanctus, iliyoimbwa na watoto waliobatizwa, haikuweza kupigwa wakati wa Missa, lakini mzee wa kijiji mwenye sauti kama mlango uliokosa mafuta aliruhusiwa kuimba Kyrie ile ile? Ndiyo. Hivyo hasa. Na ukifikiri utaona sababu, hata kama hujali sheria za ibada.

Chukua mfano wa nyumbani. Umemkosea ndugu yako. Moyo unakuchoma, nawe huna maneno mazuri. Rafiki yako ana simu, na ndani ya simu mna mtu fulani, msemaji hodari, anayeomba radhi kwa maneno matamu yanayotoa machozi. Je, utakwenda kwa ndugu yako, uweke simu mezani, uibonyeze, halafu ukunje mikono? Ndugu yako atakufukuza, na atakuwa na haki. Hakuhitaji maneno bora kuliko yote duniani. Alihitaji maneno yako, hata yakiwa mawili, hata ukigugumia.

Kipaza sauti kinabeba sauti ya mtu anayeomba sasa. Santuri inabeba sauti ya mtu aliyeomba siku nyingine, au pengine aliyefanya kazi tu ya kulipwa. Zote mbili zinatoka katika boksi moja na sikio haliwezi kuzitenganisha. Lakini moja ni tendo, na nyingine ni kumbukumbu ya tendo. Na katika mambo fulani ya maisha, kama kusali, kuoa, kuomba radhi na kumlilia mfu, kumbukumbu ya tendo la mwingine haiwezi kushika mahali pa tendo lako.

Kwa sababu hiyo naona kwamba swali letu lina majibu mawili, kwa kuwa ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Ukiuliza ni wapi sauti imepangika vizuri zaidi, bila kasoro, jibu ni rahisi: studio itashinda karibu kila mara, na itazidi kushinda, maana mashini zinaongezeka akili kila mwaka. Lakini ukiuliza ni wapi wimbo unafanya kazi ambayo nyimbo zilizaliwa kuifanya, yaani watu kufanya jambo pamoja mahali pamoja, basi santuri haijashinda, kwa maana haikuingia shindanoni.

Mtu atasema: "Sawa, lakini dansi si Missa. Nikilipa tiketi nataka muziki mzuri. Yanihusu nini kama sauti inatoka kooni au kwenye kompyuta?" Yanakuhusu, rafiki. Siku hizi wako wanamuziki wengi wanaopanda jukwaani na kuimba kwa pleibaki: sauti ya studio inapigwa, wao wanaruka na kuchezesha midomo. Watu wamelipa ili wamsikie mtu, na wamepewa sahani wanayo nyumbani. Hiyo ni biashara isiyo halali, hata kama sauti ni tamu. Mwaka 1990 wenye kutoa tuzo za Grammy huko Marekani waliwanyang'anya vijana wawili wa Milli Vanilli tuzo yao, kwa sababu ilijulikana kwamba sauti za kwenye santuri hazikuwa zao hata kidogo. Nyimbo zilikuwa zile zile watu walizozipenda jana yake. Hakuna noti iliyobadilika. Mbona basi watu walikasirika? Walikasirika kwa sababu walikuwa wamempa mtu upendo wao, na mtu hakuwamo.

Hapa lazima nimwonye mtu mwingine, yule mvivu wa korali, ambaye tangu mwanzo wa maneno haya amekuwa akitabasamu. Anafikiri nimempa ruhusa. Ataniambia: "Umesema vema, sauti hai inatosha, basi mazoezi ya Jumamosi hayana lazima." Hapana, ndugu. Watoto wa Kamina waliweza kuimba bila karatasi kwa sababu walikuwa wamezoezwa sana, tangu 1953 mpaka 1958. Aliye huru katika wimbo ni yule anayeujua mpaka usingizini. Mwimbaji anayekuja mbele ya watu bila kujitayarisha, akisema kwamba Mungu huangalia moyo, anawalazimisha watu walipe deni lake kwa masikio yao. Kwake yeye santuri ni mwalimu mzuri: asikilize Jumatano, asikilize Alhamisi, ajifunze jinsi sauti ya tatu inavyoshuka, kisha siku ya Bwana aiache simu nyumbani.

Mimi sioni ubaya wowote korali ikiwa na santuri yake. Korali nyingi za parokia zetu zinatoa, zinauza, na fedha inanunua ngoma mpya au inamsaidia mwimbaji aliyefiwa. Ninachoogopa ni korali inayoanza kuiogopa santuri yake yenyewe. Imerekodi wimbo studio kwa siku tano, fundi amesafisha, kinanda kimeongezwa. Sasa wakisimama kanisani wanasikia aibu, kwa kuwa hawafanani na wao wenyewe. Kisha mmoja anasema, "Tuweke flashi, sisi tuitikie juu yake." Wiki ijayo hawaitikii. Mwezi ujao mpiga ngoma amehamia kwingine, maana hakuna haja yake.

Na waamini? Missa kwa desturi za Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, imejengwa juu ya kuitikia: padri anaita, watu wanajibu, miili inasogea, makofi yanapigwa. Mashini haingoji. Kama padri amekawia kidogo kwa sababu mzee mmoja anapanda polepole na sadaka yake, korali hai inaongeza ubeti. Flashi inamaliza wimbo wake na kunyamaza, au inarukia wimbo mwingine, na mzee anabaki katikati ya kanisa, kikapu mkononi, pasipo wimbo.

Katika kilio jambo hili linaonekana wazi kupita mahali pengine pote. Nimetaja kasala, iliyoipa Kyrie ya Kamina sauti yake. Anayeimba kasala lazima awajue watu walio mbele yake. Anamtaja marehemu kwa jina, anamtaja baba yake na babu yake, anataja mto wa kwao na kazi aliyoifanya, na kila ukoo unaposikia jina lake unajibu kwa kilio. Akikosea jina, watu watamsahihisha pale pale. Akimsahau shangazi, shangazi atasimama. Kipaza sauti kilichowekwa chini ya mwembe kina nyimbo mia mbili, zimeimbwa vizuri sana, pengine na korali kubwa za Lubumbashi au Nairobi. Zitapigwa zote mpaka alfajiri, na jina la huyu aliyelazwa ndani ya nyumba halitasikika hata mara moja.